Mchunga Ndani ya Ukoka wa Baba

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimepiga magoti kwenye bustani ndogo ya nyasi mbele ya nyumba yetu hapa Kwale, nikingʼoa magugu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, udongo umelainika, na siku kama hiyo ukiiacha ikupite utajuta mwezi mzima. Nilishika shina moja bila kulitazama vizuri, likakatika, na utomvu mweupe ukanichuruzika vidoleni. Harufu ikanifikia kabla ya macho: harufu ya kijani, chungu, ambayo ukiivuta unaisikia mpaka nyuma ya ulimi. Nikalamba kidole. Mume wangu alikuwa barazani na kikombe chake cha chai, akaniuliza kama sasa nimeamua kula nyasi. Nikamwambia anywe chai yake.

Ulikuwa mchunga, ile mboga chungu inayojiotea. Bibi yangu, kwa Kidigo chake, aliuita mtsunga, na alikuwa akisema kwamba msichana asiyejua kuupika asiozwe kwanza, watu watamrudisha. Nilikaa pale chini kwenye unyevu, mtu mzima mwenye mvi zangu za kuhesabika, nikalia kidogo. Sikuwa na huzuni hasa. Nilimkumbuka bibi, nikamkumbuka baba, na nikaukumbuka ule mwaka niliokuwa nikiyapanda magugu kwa siri kwenye nyasi ambazo baba alikuwa akizilea kwa jasho lake.

Tulikuwa tukikaa Bongwe, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la bati na baraza ya saruji. Baba alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, akienda asubuhi kwa baiskeli na kurudi saa kumi na moja jioni na majani yamemganda kwenye viatu. Mama alifariki nilipokuwa na miaka saba. Katika siku zile nakumbuka viatu vingi mlangoni, na kwamba hakuna mtu aliyekumbuka kunichana nywele mpaka bibi mzaa mama alipofika kutoka Munje na kikapu kimoja. Alinivuta kwenye mapaja yake kabla hata hajavua buibui, akaanza kunifumua. Matanga yakaisha, arobaini ikapita, watu wakarudi makwao, bibi akabaki. Hakuna aliyesema atakaa mpaka lini. Alilala nami kitandani pangu, tukibanana, na kisigino chake kikinikwaruza miguu.

Sasa, bibi na baba walikuwa mtu na mkwe wake, na aliyelelewa huku anajua maana yake. Mkwe hatazamwi usoni. Hamli sinia moja, hamkai baraza moja, na njiani mkikutana mwanamume hujitenga kando mpaka mama mkwe apite. Neno la kumwambia humpitia mtu mwingine. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na watu wa umri wa baba waliishika kwa mikono miwili. Mama alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akipitisha maneno yao. Alipoondoka, kazi hiyo ikaniangukia mimi.

"Mwambie baba yako sima imeiva," bibi alikuwa akisema, na baba yuko hatua nne kutoka pale, anafuta mnyororo wa baiskeli.

Nami nilikuwa nikienda zile hatua nne na kusema, "Baba, bibi anasema sima imeiva."

"Mwambie bibi yako nakuja."

Nikarudi, nikamwambia. Kwa akili zangu za miaka saba niliamini kabisa kwamba hawasikiani. Nilidhani watu wakishakuwa wakwe masikio yao yanazibiana, na kwamba sauti yangu pekee ndiyo iliyoweza kupenya. Nilijiona mtu muhimu sana. Mara moja bibi alinituma nikamwambie baba alete sabuni atokapo kazini, nami nikafikisha kwamba bibi anataka sabuni na peremende. Baba alikohoa, akageuka upande. Jioni akaleta vyote viwili, na bibi akanikabidhi peremende zangu bila kusema neno. Ilinichukua miaka mingi kujiuliza aliwezaje kunyamaza.

Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu. Ndivyo nyumba za kwetu zilivyo: mwanamke huamka alfajiri akaufagia uwanja kwa fagio la chelewa, kutoka mlangoni kwenda nje, mpaka mchanga ukaonyesha mistari. Uwanja wenye nyasi ulikuwa ni wa nyumba isiyo na mwenyewe, na nyoka naye hupata pa kujificha. Mama alikuwa akifagia hivyo, na bibi alipokuja alilishika fagio lile lile na kuendelea. Kila alfajiri niliisikia sauti ile kitandani, kwaru, kwaru, kwaru, nikajua kumekucha.

Miezi michache baada ya arobaini, baba alirudi kazini na gunia kwenye keria ya baiskeli. Ndani yake mlikuwa na ukoka, vile vipande vinavyopunguzwa kandokando ya njia za hoteli na kutupwa. Alichimba mifereji myembamba mbele ya nyumba, akavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi ili mistari inyooke, na akapanda. Kesho yake akaleta gunia lingine. Baada ya wiki mbili hapakuwa na mchanga wa kufagia, kulikuwa na safu za nyasi zilizolala chini zimenyauka, na baba akizimwagia maji ya kuoshea vyombo.

Jirani yetu Mama Riziki alisimama kwenye ua akajishika kiuno.

"Hebu niambie, mama," alimuuliza bibi, "mkweo anafungua hoteli?"

"Muulize yeye," bibi alijibu. "Mimi ni mgeni hapa."

Akalichukua fagio la chelewa akaliweka nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi nilifurahi. Nilidhani baba ananitengenezea mahali pa kuchezea, na niliwaambia watoto wote wa darasa la pili kwamba kwetu kutakuwa na nyasi za kizungu.

Ukoka ulishika. Lakini mchanga ule ulikuwa na wenyeji wake wa zamani, na mvua ya kwanza tu waliinua vichwa. Ndago walitangulia, wembamba, wamesimama wima kuliko nyasi yenyewe. Mbigili zikafuata, za kutuchoma miguu. Na kila mahali, mchunga, na majani yake marefu yenye meno na maua ya manjano. Baba alinifundisha kuyapalilia. Ndiyo masomo niliyoyashika kuliko yote ya utotoni, nadhani kwa sababu wakati wa kuyafundisha hakuwa akiongea na mtu mwingine yeyote.

Ndago haivutwi, aliniambia. Ukivuta shina, kokwa hubaki chini ikicheka, na wiki ijayo zinatoka tatu. Unaingiza kisu butu kando, unafuata uzi wake gizani kwa kidole mpaka uipate ile kokwa nyeusi, ndipo unaitoa nzima. Ngoja mvua inyeshe kwanza, udongo ukiwa mkavu utakudanganya. Mbigili ingʼoe kabla haijachanua. Nyasi usiikate upara, maana ukoka ukiwa mrefu kidogo huyafunika magugu madogo yakakosa jua. Na mchunga una mzizi mrefu kwenda chini. Ukibakisha kipande cha ukubwa wa kucha, umeupanda upya. Haya yote aliyasema kwa sauti ya chini, akiwa amepiga magoti kando yangu kabla ya kwenda kazini, mikono yake ikinuka udongo na mafuta ya baiskeli. Nilimpenda sana asubuhi zile.

Tatizo ni kwamba bibi aliupenda mchunga kuliko nyama. Alitoka jikoni na ungo saa ambayo baba hayupo, akapita kwenye ukoka akichuma majani ya juu kwa vidole viwili, mizizi akiiacha palepale. Aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, kisha akaupika kwa tui zito na kipande cha ngʼonda, samaki mkavu, tukaula kwa sima. Ulikuwa mtamu kwa namna ambayo watoto wa siku hizi hawataki kuijua. Lakini kwa mtu anayelea nyasi, kuuchuma mchunga juu ni kuutia moyo. Palipokuwa na shina moja hutoka matawi manne. Baba alikuwa akirudi jioni, anaona vile vikonyo vilivyochumwa, anasimama.

"Mwambie bibi yako," alianza siku moja, kisha akafikiri. "Basi. Usimwambie kitu."

Akaenda kuchukua kisu chake.

Bibi naye aliona. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tukichambua mboga, na siku hiyo ungo ulikuwa na majani ya kujaza konzi moja tu, kwa sababu baba alikuwa amepita asubuhi. Bibi alikuwa na mazoea ya kuniita mke mwenzake, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

"Mke mwenzangu," alisema, "mwambie baba yako apalilie polepole. Mchunga ukiisha hapa, mimi nitakuwa sina la kunikalisha. Nitabeba kikapu changu nirudi Munje."

"Kweli, bibi?"

"Kweli. Wewe unadhani nimekujia wewe? Nimeujia mtsunga."

Alicheka, akanipiga kidogo mgongoni kwa mkono wenye maji. Mimi sikucheka. Huo ndio ujumbe wa kwanza ambao sikuufikisha. Nilikuwa nimemwona baba anavyoyatazama yale magugu, na niliogopa kwamba nikimwambia achague kati ya bibi na nyasi, angechagua nyasi.

Nikaanza kupanda. Haikuwa kazi ngumu, mwalimu wangu alikuwa amenifundisha vizuri. Asubuhi nilipalilia na baba, nikifuata mizizi mpaka mwisho kama mtoto mtiifu. Magugu aliyatupa rundo moja nyuma ya choo. Mchana nikitoka shule, bibi akiwa kwenye swala ya alasiri au amekwenda bombani, nililifukua rundo lile nikatoa mizizi ya mchunga iliyo hai, nikaikatakata vipande vya ukubwa wa kucha, nikaitia kwenye mkebe na kuirudisha ardhini. Nilimwagia maji kidogo, nikafunika alama za vidole. Asubuhi nilikuwa msaidizi wake, jioni adui yake, na sikuona ajabu yoyote. Niliona tu kwamba kichwa changu kinauma mara kwa mara.

Baba wa watu alihangaika. Aliuliza wenzake hotelini, wakamwambia amwagie maji ya moto. Alimwagia, ukoka ukababuka. Mwingine akamshauri chumvi, na chumvi ikaacha vipara viwili ambavyo vilikaa mwaka mzima bila kuota kitu. Alishuku udongo. Alishuku gunia. Jioni moja alisimama katikati ya nyasi akasema peke yake, "Haya magugu yana kichwa kigumu, sijapata kuona." Mimi nilikuwa barazani nafanya hesabu za shule. Nilimwonea huruma mpaka nikakosea kujumlisha, lakini nilikuwa nimekwisha kuchagua.

Kisha akaja mjomba kutoka Munje, kaka yake mama. Alikunywa chai jikoni na bibi, nami nilikuwa nje chini ya dirisha nikiosha masufuria, na wao wakinisahau kama watu wazima wanavyosahau.

"Mama, mwaka unakaribia," mjomba alisema. "Yule mwanamume bado kijana, atataka kuoa. Utakaa humu mpaka lini? Watu wanaanza kusema."

"Namngoja aniambie mwenyewe."

"Atakwambiaje, na wewe ni mkwe wake?"

Nilisikia bibi akikiweka kikombe chini. "Basi nadhani amekwisha niambia," alisema. "Uwanja wa mwanangu ameufunika nyasi, nisiguse. Mboga ninayokula anaingʼoa mpaka mizizi. Mtu aseme nini zaidi? Mwezi ukiandama nitakuja."

Niliendelea kusugua sufuria lile lile mpaka mjomba akaondoka. Nilijua mwezi unapoandama; tuliutazama pamoja kila mara, mimi na bibi, akisoma dua yake. Zilibaki siku tano au sita. Na jioni ile ile baba, maskini, alinijia na habari ambayo yeye aliiona njema: amepewa siku mbili za mapumziko, kuanzia keshokutwa, mvua imelainisha ardhi, na tutaumaliza mchunga wote, kwaheri.

Siku iliyofuata sikwenda kucheza. Bibi alishinda kwa Mama Riziki, nami nilipanda mchunga mchana mzima. Nilibeba mizizi yote iliyokuwa nyuma ya choo, nikaongeza niliyoichimba kando ya njia ya kwenda bombani, na kwa kuwa safari hii kazi ilikuwa kubwa na nilitaka iwe nzuri, nilifanya kama nilivyomwona baba akifanya. Nilivuta kamba.

Asubuhi baba alitoka na kisu chake, akaenda hadi katikati, akainama. Akainuka. Akatembea taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akarudi, akichungulia chini. Mizizi mingine ilikuwa na majani tayari, na ilikuwa imesimama kwenye mistari mitatu, kila mmoja umbali wa shibiri kutoka kwa mwenzake.

"Njoo hapa," aliniita. Nilikwenda. "Gugu halipangi foleni. Nani amepanda hii?"

Nilifikiri kusema ni Riziki, mtoto wa jirani. Badala yake nilimwambia kila kitu, kwa mkupuo mmoja, na makamasi: kwamba mchunga ukiisha bibi ataondoka, amesema mwenyewe, na mjomba amekuja, na mwezi ukiandama anakwenda, kwa sababu baba ameufunika uwanja na kuingʼoa mboga, na mtu aseme nini zaidi. Nilingoja kofi. Baba alikaa chini kwenye nyasi zake na suruali yake safi, akakishika kisu kwa mikono miwili.

"Nenda kamwambie bibi yako hayo uliyoniambia," alisema. "Yote. Usipunguze."

Nikazunguka nyumba. Bibi alikuwa nyuma, ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nilisema yote, sikupunguza. Mkono wake ukasimama, na kifuu kikabaki kwenye meno ya mbuzi.

"Wewe ndiwe unayenipandia mtsunga?"

"Ndiyo, bibi."

Alikitoa kifuu, akakiweka kando. Kisha akasema, polepole, akichagua maneno, "Kamuulize baba yako. Uwanja wa mwanangu aliufunikia nini?"

Nikazunguka tena. Baba hakuinua kichwa niliposema. Alingʼoa jani moja la ukoka, akalikunja, akalikunjua.

"Mwambie kwamba alfajiri nilikuwa nasikia fagio," alisema. "Ninapolisikia, usingizini, najua ni mama yako. Natulia. Nikishaamka kabisa ndipo nakumbuka. Kila siku, kila siku hivyo. Nikaona kusiwe na mchanga wa kufagia, basi. Mwambie sikuwa namfukuza. Sikujua namna ya kumwambia asifagie."

Niliyabeba maneno yale kuzunguka nyumba kama maji kwenye bakuli lililojaa, nikiogopa kumwaga, kwa sababu sikuyaelewa na nilijua ni makubwa. Niliyasema kama nilivyopewa. Bibi alivuta leso kutoka begani akajifunika uso wote, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwa nimepata kumwona akimlilia mama mbele yangu kabla ya siku ile. Nilisimama nimeshika ukuta. Alipojifunua, alisema kwa sauti ndogo, "Mwambie sikujua, mwanangu. Mwambie sikujua."

Nilikwenda, nikarudi. "Baba anauliza kama utakaa."

Bibi alikirudisha kifuu kwenye mbuzi. "Mwambie nimeyasikia maneno yake," alisema, akaendelea kukuna nazi, na hilo likawa ndilo jibu pekee lililopatikana siku hiyo.

Kesho yake nilikwenda shule. Nilipotoka nilikimbia, sijui kwa nini, nikafika nyumbani na mkoba umefunguka. Jikoni hapakuwa na mtu. Nilichungulia chumbani, nikatazama kwenye msumari ambapo bibi hutundika kikapu chake. Hakikuwapo.

Baba alikuwa mbele, amepiga magoti. Alikuwa na kamba yake na vigingi, na kando yake mkebe wangu, umejaa mizizi aliyoifukua kwenye mistari yangu. Alikuwa akiupanda mchunga. Mtunza bustani wa hoteli, ambaye watalii walikuwa wakiipiga picha kazi yake, alikuwa akichomeka mizizi ya magugu ndani ya ukoka wake mmoja mmoja, akiigandamiza kwa dole gumba.

"Mistari yako ilikuwa imepinda," alisema bila kunitazama.

"Bibi yuko wapi?"

"Amekwenda Munje. Nimemwona akipanda matatu ya kwenda huko. Ametoka asubuhi, baada ya wewe kwenda shule."

"Atarudi?"

Baba alifuta mikono kwenye suruali. "Sijui. Angeniambiaje? Wewe hukuwapo."

Hapo ndipo nilipolia kwa sauti, maana niliona wazi kwamba kosa ni la shule. Kama ningebaki nyumbani angenituma, na kama angenituma ningelibadilisha neno lake njiani, kama nilivyofanya kwa peremende, nikamwambia baba bibi anasema anakaa. Baba hakuniambia ninyamaze. Alinipa kisu, akanionyesha pa kuchimba, nami nikachimba nikilia, yeye akipanda nyuma yangu. Tulipanda mpaka mkebe ukaisha. Sijawahi kuifanya kazi yoyote ya mikono kwa huzuni kama ile, na sijawahi kuifanya vizuri kama ile pia.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tuliposikia honi barabarani. Ilikuwa pikapu ya wachuuzi wa samaki wa Msambweni, ile iliyokuwa ikipandisha samaki Ukunda kila jioni, na juu ya matenga ya samaki kulikuwa na kitanda, kimefungwa kwa kamba, matendegu yakiangalia juu. Bibi alikuwa mbele kwa dereva, na kikapu mapajani. Aliteremka kwa mashaka, akajinyoosha mgongo, akawaambia wale vijana wa samaki waangalie wasikivunje, kimetengenezwa na marehemu babu wa mtoto huyu, na kila mtoto aliyemzaa alimzalia juu yake. Kilikuwa kitanda cha kamba, cha mbao nzito nyekundu, kinanuka papa.

Vijana walikitua kwenye nyasi, wakaondoka. Tukabaki watatu, na kitanda katikati. Baba alikuwa ametazama chini, kwenye miguu yake. Bibi naye alikuwa ametazama chini, na kwa sababu hiyo akaiona mistari mipya ya mchunga, ikiwa bado imelala, ina maji. Aliitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilitaka kucheka, akaikaza.

"Mwambie baba yako," alisema, "nimechoka kulala na mtoto anayepiga mateke. Akamate huko miguuni."

Sikupata hata nafasi ya kufikisha. Baba alikuwa amekwisha kuinama. Walikiinua wawili, baba miguuni na bibi kichwani, kila mmoja akiangalia upande wake, wakakipitisha juu ya ukoka, wakakipandisha barazani, wakakiingiza ukumbini, mimi nikitangulia kuondoa viti. Walifika mpaka mlango wa chumba chetu, mimi nikaingia, bibi akanifuata kinyumenyume, na kitanda kikafika nusu. Hapo baba akasimama. Chumba anacholala mama mkwe hakiingiwi. Kitanda kilikuwa ndani nusu na nje nusu, bibi amekishika kule kwenye giza la chumba, baba amekishika huku kizingitini, mishipa ya shingo imemsimama.

Nilipita chini ya kitanda nikatokea upande wa baba, nikaweka mikono yangu kwenye ubao, kando ya mikono yake.

"Umekishika?" aliniuliza.

Nikamwambia nimekishika, akaachia. Kilikuwa kizito kunizidi, lakini nilisukuma, bibi akavuta, kikaingia chote.